Mwalimu wa Lethbridge Park

Kati ya Mei 2019 na Julai 2024, wizara inayoshughulikia wenyeji wa asili wa Australia ilishikwa na watu wawili waliopokezana. Wa kwanza alikuwa Ken Wyatt wa Chama cha Liberal, wa pili Linda Burney wa Chama cha Labour. Vyama hivyo ndivyo mahasimu wakuu wa siasa za nchi ile. Hata hivyo, mawaziri hao walilingana kwa mambo mawili: wote ni Waaborijini, na wote walianza kazi wakiwa walimu wa shule ya msingi.

Kulingana huko kuna historia nyuma yake. Kwa miongo mingi shule ya serikali ilikuwa mlango uliofungwa mbele ya mtoto wa Kiaborijini, na ulipoanza kufunguka, baadhi ya wale wa kwanza kuupita walirudi darasani kufundisha. Kutoka hapo walihamia ofisi za elimu, kutoka ofisi za elimu wakaingia katika siasa. Burney ndiye Mwaborijini wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la jimbo la New South Wales, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiaborijini kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la taifa. Anayetaka kuielewa safari yake hana budi kuanzia shuleni.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1957 na kukulia Whitton, kijiji kidogo cha Riverina, kusini mwa New South Wales. Hiyo ni nchi ya mpunga. Tangu mifereji ya mto Murrumbidgee ilipoanza kumwagilia mashamba mwaka 1912, mji jirani wa Leeton ulikua na kuwa kitovu cha kilimo, na baadaye cha kukoboa mpunga. Kabla ya mifereji na reli, na hadi leo, hiyo pia ni nchi ya Wawiradjuri, watu wa mito mitatu: Lachlan, Macquarie na Murrumbidgee.

Baba yake alikuwa Mwiradjuri, na katika damu ya Burney imo pia asili ya Uskoti. Hakulelewa na baba wala mama. Walimlea ndugu wawili wazee, Nina na Billy, kaka na dada wasio Waaborijini, waliokuwa bibi na babu zake kwa ukoo. Burney amewataja mara nyingi kwa shukrani, akisema kwamba ndio waliompa msingi wa ukweli, uaminifu na heshima. Alikutana na baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1984, akiwa tayari mtu mzima mwenye kazi yake. Ndipo alipogundua kwamba ana ndugu kumi ambao hakuwajua, na kwamba siku zote baba huyo aliishi si mbali na Whitton.

Sheria ya elimu ya New South Wales ya mwaka 1880 ilidai watoto wote waende shule. Kwenye karatasi haikubagua. Lakini mwaka 1883, katika mji wa Yass, wazazi Wazungu walikataa watoto wao wakae darasa moja na Waaborijini, na waziri wa elimu wa wakati huo, George Reid, akakubali watoto hao waondolewe. Reid huyo baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa nchi nzima. Kufikia mwaka 1902 jambo hilo lilikuwa limegeuzwa agizo la jimbo: mzazi mmoja tu Mzungu akilalamika, mtoto wa Kiaborijini atoke.

Waliotolewa walipelekwa katika shule za hifadhi, maeneo ambayo Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini iliwakusanya watu na kuwasimamia. Huko mara nyingi aliyefundisha hakuwa mwalimu bali msimamizi wa hifadhi au mkewe, na masomo yaliishia takriban kiwango cha darasa la tatu. Msichana alifunzwa kufua na kupika ili awe mtumishi wa nyumba, mvulana alifunzwa kazi za shamba. Mwaka 1915 Bodi ilipewa uwezo wa kumchukua mtoto kwa wazazi wake bila kuthibitisha mahakamani kwamba ametelekezwa. Katika nchi hiyohiyo ya Wawiradjuri, mjini Cootamundra, kulikuwa na nyumba ya kuwafunza wasichana wa aina hiyo utumishi wa ndani. Waliochukuliwa kwa njia hizo, kote Australia, ndio wanaoitwa leo Vizazi Vilivyoibwa.

Kanuni iliyompa mwalimu mkuu wa New South Wales haki ya kumkataa mtoto wa Kiaborijini ilibaki katika kitabu cha mwongozo wa walimu hadi mwaka 1972. Mwaka huo Burney alikuwa na umri wa miaka 15, na alikuwa mwanafunzi. Yeye hakuzuiwa mlangoni. Yaliyomwumiza yalikuwa ndani ya somo lenyewe. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa na miaka 13 alikaa darasani akifundishwa kuwa watu wake ni washenzi, mfano wa karibu zaidi wa binadamu wa zama za mawe aliyebaki duniani, na kwamba alitamani kugeuka kipande cha karatasi na kupenya kimyakimya katika ufa wa sakafu. Watoto wengine wengi wa Kiaborijini walisomeshwa maneno hayo na kuiacha shule. Burney aliimaliza, akihamia sekondari ya Penrith, magharibi mwa Sydney, kisha akaomba nafasi ya kusomea ualimu.

Hapa panafaa kumtaja mwalimu mwingine aliyeingia bungeni, kwa kuwa Burney alisoma katika mfumo ulioachwa na mtu huyo. Kim Beazley, baba wa mwanasiasa mashuhuri mwenye jina hilohilo, alikuwa mwalimu katika Australia Magharibi kabla ya kurithi kiti cha Fremantle mwaka 1945, baada ya kifo cha waziri mkuu John Curtin. Alikuwa na umri wa miaka 27. Mwaka 1963 yeye na mbunge Gordon Bryant, naye mwalimu wa zamani, walikwenda Yirrkala, kaskazini kabisa mwa nchi, ambako Wayolngu walikuwa wakipinga ardhi yao kumegwa kwa ajili ya uchimbaji wa boksaiti. Beazley aliwashauri waandike malalamiko yao na kuyazungushia michoro yao wenyewe juu ya maganda ya mti. Malalamiko hayo yalifika Canberra Agosti mwaka huo, yakiwa katika lugha yao na Kiingereza. Hayakuuzuia mgodi, lakini hadi leo yamehifadhiwa katika jengo la Bunge, nayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa enzi mpya ya kudai ardhi.

Labour iliposhinda uchaguzi wa 1972 baada ya miaka 23 ya upinzani, Beazley akawa waziri wa elimu. Serikali yake ilianzisha elimu ya lugha mbili kwa watoto wa Kiaborijini katika Eneo la Kaskazini (Northern Territory), na kuanzia Januari 1974 ikafuta karo ya vyuo vikuu na vyuo vya elimu ya juu. Burney alijiunga na chuo cha Mitchell, mjini Bathurst, karo ikiwa imekwishafutwa. Alihitimu diploma ya ualimu mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa Mwaborijini wa kwanza kupata cheti katika chuo hicho, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Charles Sturt.

Bathurst ni mji wenye kumbukumbu nzito kwa Wawiradjuri. Eneo hilo ndilo gavana Thomas Brisbane alilotangazia sheria ya kijeshi Agosti 1824, wakati wa vita kati ya walowezi na mashujaa wa Kiwiradjuri walioongozwa na Windradyne. Miezi minne baadaye Windradyne aliwaongoza watu wake kwa miguu hadi Parramatta, akivuka milima, kwenda kuonana na gavana kwa ajili ya amani. Karne moja na nusu ilipita kabla ya mtoto wa watu hao kupewa ruhusa, na mji huohuo, ya kufundisha katika shule za serikali.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Shule ya Msingi ya Lethbridge Park, mwaka 1979. Lethbridge Park ni kitongoji cha nyumba za serikali kando ya Mount Druitt, magharibi ya mbali ya Sydney, na familia za Kiaborijini ni nyingi katika maeneo hayo. Alifundisha huko miaka michache tu. Katika miaka hiyo aliliona tatizo kutoka upande wa meza ya mwalimu: vitabu vilikuwa vilevile, walimu wengi hawakuwa wamefunzwa neno lolote kuhusu wanafunzi waliokaa mbele yao, na wazazi wa Kiaborijini waliiogopa shule kwa sababu wao wenyewe waliumizwa nayo.

Ndipo alipojiunga na Kikundi cha Ushauri wa Elimu ya Waaborijini cha New South Wales, chombo cha kujitolea kilichowakutanisha wazazi, wazee na walimu ili kuishauri serikali. Kikundi hicho hakikuwa na mamlaka ya kisheria. Nguvu yake ilikuwa mtandao wa matawi katika miji midogo, ambako wazazi walikutana ukumbini na kueleza yanayowapata watoto wao. Burney alikuwa miongoni mwa walioshughulikia sera ya elimu ya Waaborijini iliyotolewa mwaka 1982 na kufanywa ya lazima kwa shule zote za serikali za jimbo mwaka 1987. Kwa sera hiyo, kumsaidia mwanafunzi wa Kiaborijini afaulu ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumfundisha kila mwanafunzi, awe mtoto wa mhamiaji wa Lebanoni au wa mkulima wa ngano, historia ya wenyeji wa asili wa nchi anayoishi.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo alama yake kubwa. Wanasiasa wengi hupigania fedha za shule. Burney alipigania kilichomo ndani ya somo, maana alijua kwa nafsi yake kwamba mtoto anaweza kukaa katika darasa lenye madirisha mazuri na bado akadhalilishwa na ukurasa wa kitabu. Aliongoza kikundi hicho akiwa rais kuanzia mwaka 1988 hadi 1998, miaka kumi ya vikao, barua na safari za matawini. Kisha akapanda katika utumishi wa umma, na mwaka 2000 akawa mkurugenzi mkuu wa idara ya mambo ya Waaborijini ya jimbo. Mei mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney kuunga mkono upatanisho, na yeye alikuwa mmoja wa viongozi wa harakati hizo.

Siasa za Australia zimewazoea walimu. Joseph Lyons, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1932 hadi kifo chake mwaka 1939, alikuwa mwalimu wa shule huko Tasmania. Dorothy Tangney, seneta wa kwanza mwanamke, alitoka darasani Australia Magharibi na kuingia Seneti mwaka 1943. Kwa Waaborijini mambo yalikwenda polepole mno. Neville Bonner aliingia Seneti mwaka 1971, lakini New South Wales, jimbo kongwe kuliko yote, lilikuwa halijapata mbunge hata mmoja wa Kiaborijini katika Bunge lake hadi karne ya 21.

Tarehe 22 Machi 2003 Burney alichaguliwa kuwa mbunge wa Canterbury, eneo la Sydney lenye Walebanoni, Wagiriki na Wachina wengi. Waaborijini katika eneo hilo ni wachache sana, hivyo hakuchaguliwa kwa kura za watu wake. Alilishikilia eneo bunge hilo kwa miaka 13. Mwaka 2007 aliteuliwa waziri, na mwaka uliofuata akakabidhiwa wizara ya huduma za jamii, ile yenye dhamana ya kuwalinda watoto na, inapobidi, kuwaondoa majumbani mwao.

Uzito wa uteuzi huo haupimiki kwa cheo. Idara zilizotangulia wizara hiyo ndizo zilizotenganisha maelfu ya familia za Kiaborijini. Februari 2008 waziri mkuu Kevin Rudd alikuwa amewaomba radhi Vizazi Vilivyoibwa, bungeni, kwa niaba ya taifa, na miezi michache baadaye mwanamke wa Kiwiradjuri akawa ndiye anayetia sahihi mipango ya ulinzi wa watoto. Katika kipindi chake jimbo lilifanya mageuzi yaliyoitwa Keep Them Safe, kufuatia uchunguzi wa jaji James Wood. Lengo lilikuwa familia ipate msaada mapema, na polisi, walimu na wauguzi wasilimbikize taarifa zote katika dawati moja lililozidiwa. Labour iliposhindwa mwaka 2011, akawa naibu kiongozi wa upinzani.

Julai 2016 alihamia siasa za taifa kwa kushinda kiti cha Barton, kusini mwa Sydney. Eneo hilo limepewa jina la Edmund Barton, waziri mkuu wa kwanza wa Australia, ambaye serikali yake ilipitisha mwaka 1901 sheria ya kuzuia wahamiaji wasio Wazungu. Leo Barton ni makazi ya familia za Kichina, Kinepali, Kigiriki na Kiarabu, na mbunge wao akawa Mwaborijini.

Katika hotuba yake ya kwanza Canberra, tarehe 31 Agosti 2016, alivaa joho la ngozi ya kangaruu lililotengenezwa na Lynette Riley, msomi wa Kiwiradjuri, ambaye siku hiyo aliimba kwa lugha yao kutoka jukwaa la wageni. Juu ya ngozi kulikuwa na kenge, mnyama wa ukoo wake, na kasuku mweupe, ndege wake mwenyewe. Burney aliwasalimu wenye ardhi kwa Kiwiradjuri. Majoho ya ngozi yalikuwa vazi la kila siku kusini mashariki mwa Australia kabla ya ukoloni. Mzazi alimshonea mtoto, na alama ziliongezwa kadiri mtoto alivyokua.

Miaka sita kabla yake, Ken Wyatt alikuwa amevaa joho la kangaruu katika ukumbi huohuo, lenye manyoya ya kasuku mweusi, alilopewa na wazee wa Kinoongar. Wyatt alizaliwa mwaka 1952 katika misheni ya Roelands, Australia Magharibi, akafundisha shule ya msingi tangu 1973 hadi 1986, kisha akashika nyadhifa za elimu na afya. Mwaka 2010 akawa Mwaborijini wa kwanza kuingia Baraza la Wawakilishi, na mwaka 2019 wa kwanza kukaa katika baraza la mawaziri. Njia za wawili hao zinafanana karibu hatua kwa hatua: darasa, ofisi ya elimu, utumishi wa umma, Bunge. Wyatt alipopoteza kiti chake katika uchaguzi wa Mei 2022, Burney ndiye aliyepokea wizara.

Kazi yake kubwa ikawa kura ya maoni. Mwaka 2017 viongozi wa jamii za asili, waliokutana Uluru, walikuwa wameomba katiba iwape chombo cha kuishauri Serikali na Bunge katika mambo yanayowahusu. Kwa mtu aliyeongoza chombo cha ushauri kwa miaka kumi, wazo hilo halikuwa geni. Mbele ya waandishi wa habari mjini Canberra, Julai 2023, alitaja mambo manne ambayo angekitaka chombo hicho kianze nayo: afya, elimu, ajira na makazi.

Kuibadilisha katiba ya Australia ni kazi ngumu. Mapendekezo 44 yalikuwa yamepigiwa kura kabla ya hapo, yakapita manane tu. Lazima wapatikane wengi nchini na pia katika majimbo manne kati ya sita. Mwaka 1967, Burney akiwa na umri wa miaka kumi, zaidi ya asilimia 90 walikubali Waaborijini wahesabiwe katika sensa na Bunge la taifa liwatungie sheria. Safari hii chama cha Liberal, chini ya Peter Dutton, kilipinga, kikidai kwamba pendekezo halina maelezo ya kutosha na litawagawa raia. Wyatt alijitoa katika chama chake Aprili 2023 kwa sababu ya msimamo huo, akaipigia debe Ndiyo. Walimu wawili waliopingana kivyama wakasimama upande mmoja.

Tarehe 14 Oktoba 2023 Hapana ilipata zaidi kidogo ya asilimia 60, na majimbo yote sita yalikataa. Katika vituo vingi vya jamii za Kiaborijini za mbali, Ndiyo iliongoza kwa wingi. Burney alizungumza usiku huo akiwa na majonzi yasiyofichika, akiwaambia vijana wa Kiaborijini watembee kifua mbele.

Ni rahisi kuipima kazi yake yote kwa usiku mmoja ule, na wengi wamefanya hivyo. Kipimo hicho hakimtendei haki. Baada ya kushindwa alirudi kwenye kazi ya kawaida ya wizara, na Februari 2024 Serikali ilitangaza mpango wa ajira 3,000 katika maeneo ya mbali. Julai mwaka huo alitangaza kustaafu. Wizara ilikwenda kwa Malarndirri McCarthy, mwandishi wa habari wa zamani na mwanamke wa Kiyanyuwa, na Burney hakugombea tena katika uchaguzi wa Mei 2025.

Tangu darasa la Lethbridge Park hadi siku alipoacha uwaziri ilikuwa miaka 45. Sera ya mwaka 1987 imeandikwa upya zaidi ya mara moja, lakini wajibu wa kuwafundisha watoto wote historia ya Waaborijini haujafutwa. Kikundi cha ushauri alichokiongoza kingali hai: wazazi na wazee wanakutana katika matawi yake, na idara ya elimu ya New South Wales inapopanga jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiaborijini, hicho ndicho inachoketi nacho mezani.